Maswali ya wasomaji: meka imebonyea, kambiste amehesabu tena, na telefone ya giga za uongo

Mwezi huu barua karibu zote za hapa kwetu Lubumbashi zinalia soko. Tumechagua tano. Salamu tumezikata juu kuna mtu alisalimia mpaka jirani wa jirani, lakini maswali tumeyaacha vile mlituma (Yaya na Grand ni sisi wenye kujibu).

Yaya, jambo sana. Miye niko Katuba. Kila siku ninanunua bunga kwa mama moja pa njia, meka (kopo ya kupimia) mbili, njo tunapika bukari ya mangaribi, tuko batu saba. Zamani ilikuwa inatosha na inabakia ya asubui, sasa batoto banakwangua nyungu. Bwana anasema miye njo niko nauzisha bunga pembeni. Nikakamata meka yetu ya nyumba, nikamimina ile bunga ndani, haikujala! Na kule ku meza niliona na macho yangu imejala mpaka iko na kilima juu. Inakuwa namna gani?
Mama wa Katuba

Mama, mwambie bwana apoe kwanza, ile bunga haikufika hata kwako, ilibakia pale pale ku meza. Siku ingine ukienda, mbele hajaanza kupima, omba ile meka ikiwa tupu na uingize mukono ndani mpaka chini. Meka ya haki chini iko sawa. Ile ya kupigwa utasikia tumbo inapanda ku vidole, juu mtu alikamata jiwe ao nyundo akagonga tako ya kopo kutoka inje, na bunga ikishaifunika hakuna jicho itaona. Wengine wanakata mdomo wa meka na makasi kisha wanaukunja vizuri, wengine wanaweka karto chini, ukiuliza wanakuambia ni juu ya kutu.

Lakini hata meka yenye haina kosa inaweza kukupunja, na hapo njo watu wengi hawaangaliake. Meka si kilo. Meka inapima nafasi tu, na bunga yenye imetoka kuchungwa sasa hivi iko na hewa mingi ndani. Angalia mukono ya mama mwenye amezoea kazi: anamwaga kutoka juu, pole pole, kama manyunyu ya mvua, anajaza kilima, anapangusa, na ile meka hajaigusa hata na kidole. Weye mwambie kwa upole, "Mama, gonga kidogo." Ikigongwa pa meza bunga inashuka, kisha anaongeza, anapangusa. Hapo njo meka yako imetimia. Kwenda na meka yako ya nyumba mi sikushauri sana, wauzishaji wanakataa na wako na haki kidogo, juu kuna wateja wanakujaka na meka yenye tako imegongwa kutoka ndani mpaka imevimba inje. Ndiyo, hata sisi!

Na kitu kingine tusikifiche. Bunga ya Zambia ikikawia ku mpaka pa Kasumbalesa, mfuko wa kilo 25 unapanda haraka, lakini bei ya meka pa njia haipande vile, juu mama akipandisha wateja watapiga kelele na kuenda kwa mwenzake. Basi bei inabakia, meka njo inapungua. Yule mama anajua, weye unajua, na kila mtu anaona haya kusema. Mi naona hii haya njo inatukula kuliko hata wezi wenyewe, mtu mzima anaona haya kuingiza mukono mu meka mbele ya watu, anaona haya kuhesabu falanga zake, halafu anaenda kugombana na bibi yake nyumbani.

Kwa watu saba, jaribu kuchanga na majirani mununue mfuko mzima mugawanye ku kilo. Muangalie tu mushono. Kiwandani wanashona na mashini, uzi unakimbia moja kwa moja, ukishika ncha yenye inafungua na kuvuta, mdomo wote unafunguka mara moja. Ukiona matundu ya sindano ni mistari mbili, ao kuna fundo katikati, ao uzi wa rangi ingine, ule mfuko ulipata wageni njiani. Upimwe kwanza.

Yaya, nilibadirisha dola 100 kwa kambiste pale mu mji. Akanihesabia, nami nikahesabu, ilikuwa sawa kabisa. Nikiwa naweka mu mfuko akasema lete kidogo, naona kama nimekupa zaidi, akahesabu tena haraka haraka akanirudishia akasema pole iko sawa. Kufika nyumbani inakosa 40 000. Nikarudi, akakataa. Na ku magazini nako wananiibia, bei imeandikwa dola, ukilipa falanga wanakupigia taux (bei ya dola) yao wenyewe. Hii inchi tutaponea wapi?
Baba wa Kampemba

Baba, ile "lete kidogo" njo kazi yenyewe. Mara ya kwanza anahesabu sawa kwa makusudi, anataka weye uhesabu na utulize roho. Tuseme siku ile taux ilikuwa 2 300, dola 100 ni 230 000. Noti kubwa yetu ni 20 000, iko tangu 2012, lakini kambiste hakupangi nazo, anakupa za 1 000, hizo ni noti 230, ao za 500, hizo ni 460, furushi nzito mpaka mukono inachoka. Sasa ikirudi mu mukono yake anaishika wima, kidole gumba juu, vingine vinne chini, anahesabu za juu kwa sauti huku za chini zinatelemka mu kiganja ao zinaanguka mapajani, na mara nyingi kuko mwenzake anakuuliza kitu wakati ule ule, "mkubwa, dola yako ingine iko?" Furushi inarudi kwako ikiwa bado nene, hauwezi kujua na macho.

Kwa hiyo mtu wa mwisho kuhesabu awe weye. Akisema nimekosa, mujibu, "hesabu ukiona mu mukono yangu," weye njo unafunua noti moja moja, yeye anaangalia. Akikataa, mrudishie falanga zake zote, dai dola yako na uiangalie kama ni ile ile, juu kuko wenye wanakurudishia ingine ya kupasuka. Angalia pia noti za kukunjwa mbili katikati ya furushi, upande huu zinahesabika moja na upande ule moja. Ile 40 000, Baba, nisikudanganye, ukishaondoka pale imekwenda.

Ya magazini, yaani duka kubwa, ni ingine, ile inafanywa mchana peupe na mashini ya kulipia. Kitu kimeandikwa dola 40. Inje dola ni 2 300, magazini inakupigia 2 500, kwa hiyo unalipa 100 000 kwa kitu cha 92 000. Ukikasirika ukatoa dola 50, ile dola 10 ya kurudisha wanakupa falanga kwa 2 200, unapata 22 000 wakati ilipashwa kuwa 23 000. Yaani dola moja iko na bei mbili mu duka moja, ikiingia na ikitoka, na zote mbili ni kwa faida yao. Mwaka 2025 wakati falanga ilipata nguvu mbele ya dola njo tuliona vizuri hii mambo, kambiste walishusha taux siku ile ile, magazini mingi zikajifanya hazikusikia habari.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei inamuacha mfanyabiashara apange bei yake, lakini mteja anapashwa kuijua mbele ya kulipa. Uliza taux mbele hawajagusa mashini, si kisha. Na kama taux yao haikupendeze, lipa ku dola kamili, beba za 5 na za 10, zenye hazina hata kijitundu, juu huku kwetu dola yenye imepasuka kidogo pembeni inakuwa mgonjwa, hata kama Wamarekani wenyewe wanazikubali noti zao zote tangu 1861.

Yaya, nyama ya kilo mbili kwa mchinjaji, nyumbani naona kama kilo moja na nusu. Niko na mashaka na mizani yake lakini ni muzee wa kanisa letu, namwambia nini?
Dada wa komini Kenya

Usimwambie kitu. Enda na chupa ya maji ya litre moja na nusu, yenye haijafunguliwa. Litre ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ile chupa inapashwa kuonyesha kilo moja na nusu na kidogo tu ya plastiki. Mwambie, "Papa, niwekee hii nione kama natembea na uzito gani," ucheke naye. Mizani ikisema mbili, umejua na yeye amejua, na ya kanisa inabakia salama. Angalia pia sindano iko pa zero mbele nyama haijapanda, na ile kidole chake iko wapi. Kama inaendelea, OCC, ile ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, njo iko na kazi ya kuangalia mizani ya biashara.

Grand, nilinunua telefone ya dola 120 ku duka, wameandika 256 giga ku karto na hata ndani ya telefone. Wiki mbili, mapicha yanaanza kuharibika, video hazifunguke. Fundi anasema ndani iko 32 tu, wamebadirisha maandishi. Muuzaji ananionyesha fakture imeandikwa chini "les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées". Nimekwisha?
Kijana wa Ruashi

Haujakwisha. Fundi wako amesema kweli, telefone inadanganywa iseme 256, weye unajaza, kisha ikifika mwisho wa ile 32 ya kweli inaanza kuandika juu ya vitu vya zamani, njo unaona picha ziko nusu.

Ile mstari ya ku fakture, ya kwamba vitu vikishauzishwa havirudishwe wala havibadirishwe, inawatisha watu bure. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ndiyo, ile ya wakati wa Léopold II, na tungali tunaitumia, inasema muuzaji anajibu kwa kosa lenye limejificha ndani ya kitu na linafanya kisitumike vile kilinunuliwa. Unaweza kurudisha kitu upewe makuta (feza) yako, ao kubakia nacho wakupunguzie bei. Na muuzaji mwenye alijua lile kosa hawezi kujificha nyuma ya mstari ya fakture. Lakini kosa la kuonekana na macho, kama kioo kilikuwa kimepasuka weye ukalipa tu, hapo hauna neno. Na usikawie, ukingoja miezi watasema weye njo uliharibu.

Tribinali kwa telefone ya dola 120 itakula dola 120 ingine, tuseme ukweli. Mi ningerudi saa yenye duka iko na wateja mingi, na karto, fakture na yule fundi kama shahidi, nisipige kelele, niseme tu yale maneno ya "vices cachés" (makosa yenye kujificha) kwa sauti ya kusikika na kwamba ninaandikia Division ya Ekonomi, ile ofisi ya serikali ya mambo ya biashara. Mfanyabiashara haogope sheria sana, anaogopa wateja wenye wanasikiliza. Siku ingine piga *#06# mbele ya kulipa, ile namba ya IMEI ya tarakimu 15, yenye sote tuliijua kwa nguvu wakati wa RAM, ile kodi ya kuandikisha telefone, ifanane na ya ku karto. Kisha jaza video kubwa kubwa palepale dukani mpaka zipite ile 32. Muuzaji atachoka kungoja. Achoke.

Yaya, munasemaka tu sisi wa soko tunaiba. Miye nauzisha ndagala soko ya M'zee. Mteja alinunua ya 45 000, akanionyesha mesaji ku telefone yangu, makuta imeingia, nikamuacha aende. Mangaribi naenda kutoa, hakuna kitu.
Mama Ndagala

Pole sana Mama, na unasema kweli. Ile mesaji ilitumwa na mtu, ku namba ya kawaida, maneno yamekopiwa vizuri na hata "solde mpya" (makuta yenye inabakia) wanaandika. Mesaji ya kweli ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money inaingia ku jina la huduma, pamoja na zile za zamani. Ikija peke yake ku namba ya mtu, usifunge ndagala. Lakini hata jina lisikutoshe, ingia weye mwenyewe uulize solde, ukiona makuta imeongezeka njo unafunga sashe. Mteja akisema ana haraka, basi alipe ku mukono. Na kwa sababu meza yako iko na watu mingi asubui, mpe mtoto mwenye anakusaidia hii kazi moja ya solde, asipime, asirudishe falanga, aangalie solde tu.

Yule wa makala (makaa) ya mavumbi, barua yako tuliipata, tunangoja picha ya mfuko.