Maswali yenu: kutembea juu ya barafuto ukiwa na begi mgongoni

Makala iliyopita niligusia kwamba nilipanda juu ya Sólheimajökull, kusini mwa Iceland, na tangu hapo maswali hayajakatika. Kwa ambaye neno barafuto ni geni: ni mto wa barafu. Theluji ya miaka na miaka inalundikana, inagandamana mpaka inakuwa barafu nzito, kisha inaanza kuteremka bonde polepole kwa uzito wake wenyewe. Hilo la kuteremka mlishike, kwa sababu nusu ya majibu yangu yanatokana nalo.

Dada, mimi hata theluji sijawahi kuigusa. Si nitateleza nianguke papo hapo?

Ukitembea kama ulivyozoea, ndiyo. Utafungiwa kramponi chini ya viatu, yaani fremu ya chuma yenye meno 10 au 12, na meno hayo hayashiki usipoyakanyagia yote kwa pamoja. Wageni wengi hunyata kwa ncha za vidole kama wanaovuka matope. Wewe tua wayo mzima, kwa kishindo, kama unaponda kopo. Tanua miguu kidogo. Wakati wa kushuka kunja magoti na usijivute nyuma, hata kama mwili mzima unakuambia ujivute. Baada ya dakika kumi hivi utaanza kuufurahia ule mlio wa meno yakiuma barafu.

Mimi niliangushwa na suruali. Jino la kramponi ya kushoto lilinasa kwenye mguu mpana wa suruali upande wa kulia, nikaenda chini kwa viganja, na glavu nilikuwa nimezivua ili nipige picha. Uso wa barafu ile una punje kali kama chupa iliyopondwa. Kiganja kikachanika sehemu tatu. Mwongozaji alinifunga bendeji bila kusema neno, kisha akapiga goti akanichomekea suruali ndani ya soksi kama mtoto wa chekechea. Kwa hiyo glavu zivaeni hata jua likiwaka, na suruali iwe ya kubana chini.

Nina raba nzuri za kukimbilia. Zitafaa?

Hazifai. Soli laini inajikunja, kramponi inachomoka. Unataka buti lenye soli ngumu linalofunika kifundo cha mguu. Kama hutaki kulibeba nchi tano, waandaaji wengi wa matembezi hukodisha. Uliza kabla ya kulipia. Jinzi nazo ziache hosteli: zikilowa hazikauki, na zinakunyonya joto lote.

Nimeona watu wakipanda wenyewe bila mwongozaji. Kwa nini mimi nilipe?

Swali hili limekuja mara nyingi kuliko yote, na nyuma yake nasikia mfuko uliokauka. Naelewa. Lakini hapa sibanduki.

Barafu inapoteremka juu ya mwamba usio sawa, inachanika. Hizo ndizo nyufa, na nyingine zina kina cha makumi ya mita. Sehemu za chini, hasa kiangazi, barafu huwa tupu, hivyo nyufa unaziona na kuzizunguka. Ukipanda juu zaidi unakuta theluji imetandazwa juu yake kama mkeka juu ya shimo. Daraja hilo la theluji laweza kumbeba aliyepita asubuhi na likakuachia wewe saa nane mchana, jua likishalilainisha. Kwa hiyo nyayo za watu si ushahidi wa lolote. Wanaojua hupita huko wakiwa wamefungwa kamba moja, wameachiana nafasi, mmoja akizama wengine wamzuie. Msafiri wa peke yake anazuiwa na nani?

Kumbuka pia kwamba njia ya juzi leo haipo. Katikati ya Perito Moreno, Argentina, barafu husogea hadi karibu mita mbili kwa siku. Mwongozaji anayepanda kila siku anajua ufa gani umepanuka na wapi maji yamechimba shimo la kwenda chini.

Na usidhani hatari ni za wanaopanda tu. Kati ya 1968 na 1988 watu 32 waliuawa palepale Perito Moreno, wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wa barafu wakitazama, vipande vilipomeguka na kurusha vigae. Julai 2022 kipande cha barafuto ya Marmolada, Italia, kiliporomoka kikaua watu 11. Mwongozaji hazuii mlima kuporomoka, hilo niwe mkweli, ila yeye ndiye anayejua siku ya kukwambia turudi.

Kama fedha haitoshi, tazama barafuto kutoka kwenye njia zilizowekwa. Perito Moreno ina vijia vya ubao vinavyoitazama kwa mbele, na mandhari yake haina aibu yoyote.

Nitakuwa New Zealand. Mbona Franz Josef wanataka nipande helikopta?

Kwa sababu barafuto imerudi nyuma. Zamani ulikuwa ukitembea bondeni mpaka miguuni mwake, unapanda. Ilipozidi kuyeyuka, mwisho wake ukawa wa kuporomoka na hatari, na tangu 2012 matembezi ya juu ya barafu yanaanza kwa kushushwa na helikopta. Hali ya hewa ya pwani ile hubadilika ghafla na ndege huahirishwa mara kwa mara, kwa hiyo msafiri mwenye ratiba ya kubana atapata shida. Tenga siku mbili tatu.

Jua la nini kwenye barafu? Kweli nibebe losheni na miwani?

Beba. Theluji mpya hurudisha juu sehemu kubwa ya miale, mpaka asilimia 80, kwa hiyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Paka hadi chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua. Usicheke, kuna mwenzetu kwenye kundi alicheka. Macho yakiungua, yanauma kama yametiwa mchanga, na dalili huja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshalala.

Bima yangu ya safari inatosha?

Fungua sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Bima nyingi za kawaida huweka humo matembezi ya barafuto, au hukubali tu ukiwa na mwongozaji. Angalia na uokoaji wa helikopta.

Naona aibu kuuliza: choo?

Hakuna. Nenda kabla ya kufunga kramponi, maana ukishafungwa zile kamba na mkanda wa kiunoni, kuvua ni kazi ya robo saa na kundi zima linakusubiri.