Mwanangu anavuta njaga (bangi), sasa haamini mtu

SWALI: Salaam, mama muuguzi. Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Tangu mwaka jana anavuta njaga na vijana wa stegi ya boda. Anasema ni majani tu. Siku hizi halali, anafunga madirisha mchana na kudai majirani wanamsema. Mjomba wake anataka kumfunga kamba mpaka imtoke. Nifanyeje?
Mama wa Busia

JIBU: Dada yangu, mwambie kaka yako aiweke kamba hiyo chini. Nikiwa wodi za wagonjwa wa akili nilipokea vijana wenye michubuko ya kamba mikononi, na hofu yao ilikuwa imezidi maradufu.

Kemikali inayolevya katika bangi ni THC. Hukamata zile sehemu za ubongo zinazoendesha kumbukumbu, hamu ya kula na woga. Ndiyo maana macho huwa mekundu, moyo hwenda mbio, njaa huja, na mtu husahau alichoambiwa sasa hivi. Kwa mtu mzima mara nyingi hali hiyo hupita baada ya saa chache. Lakini ubongo hukomaa hadi karibu miaka 25, na kijana anayevuta kila siku, hasa bangi kali, au mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili, yumo hatarini zaidi kupata saikosisi: kusikia sauti, kushuku kila mtu. Si wote wanaofika huko. Haya unayonieleza, hata hivyo, yananitia wasiwasi mkubwa.

THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Kwa mvutaji wa kila siku huonekana katika mkojo hata baada ya wiki kadhaa. Akiacha, atakuwa na hasira na chakula hakitapita, na kwa kawaida hayo hutulia baada ya wiki mbili hivi. Kushuku watu ni ugonjwa unaotaka daktari.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya rufaa ya Mbale, uulizie kitengo cha afya ya akili. Wakiona lazima, watamtuma Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala. Sema wazi anavuta nini na alianza lini. Kuombewa aombewe, ila dawa asizikose. Njiani usibishane naye habari za majirani, mwambie, "Naona unaogopa, niko nawe." Akitaja kujiua au akishika panga, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu usiku huohuo.