Kompyuta ikichora mipaka ya majimbo, upendeleo utaisha?

SWALI: Kwa nini tusiiachie kompyuta ichore majimbo ya uchaguzi, yote yawe na idadi sawa ya watu na umbo lisilopindapinda, ili wanasiasa wakose mwanya wa kujipendelea?

JIBU: Kuwanyang'anya wanasiasa kalamu ni jambo jema, naliunga mkono. Ila idadi sawa na umbo zuri havitoshi.

Chukua wapiga kura 50 katika majimbo 5 ya watu 10 kila moja. Chama A kina wafuasi 30, chama B 20. Wafuasi wa A wakiwa wamelundikana mjini, kompyuta inaweza kuchora majimbo mawili ambayo A inashinda 9 kwa 1, na matatu ambayo B inashinda 6 kwa 4. Walio wachache wametwaa viti 3, walio wengi 2, na hakuna aliyefanya hila. Wafuasi wakichanganyika sawasawa kila mahali, A inabeba vyote 5, na wale 20 hawapati mbunge hata mmoja.

Kompyuta inafaa zaidi ikiwa shahidi. Katika kesi ya Pennsylvania, Marekani, iliyoamuliwa mwaka 2018, mtaalamu alilinganisha ramani iliyopitishwa na wanasiasa na mamia ya ramani zilizochorwa na kompyuta bila kuangalia vyama. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Mahakama ya juu ya Pennsylvania ikaifuta ramani ya wanasiasa.

Mimi ningeanza kwa kuachana na kanuni ya jimbo moja, mbunge mmoja. Waweke wale 50 katika jimbo moja lenye viti 5, kila mtu awapange wagombea kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Kura 9 zinatosha kupata kiti, kwa kuwa wagombea sita hawawezi kufikisha 9 kila mmoja. Kura ya ziada ya aliyekwisha kushinda, au ya aliyeondolewa kwa kuwa na kura chache zaidi, huhamia kwa anayefuata kwenye orodha ya mpiga kura. Kila kundi likikipanga chama chake mbele, A inapata 3 na B 2, popote wanapoishi. Ireland na Malta huchagua wabunge hivyo.

Gharama zipo: kuhesabu huchukua muda mrefu, na jimbo linakuwa kubwa. Angalia pia idadi ya viti. Jimbo lile lile likiwa na viti 2 tu, kiti kinahitaji kura 17, na A na B zinatoka 1 kwa 1.