Mchanga wa bondeni, bei ya mjini

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya shule ya msingi kijijini kwetu, Kilosa. Tumeletewa fedha za darasa na ofisi, tunajenga kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kuweka mafundi wenyewe bila mkandarasi. Mchanga upo bondeni hapa hapa, na mzee mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe anauza kwa bei poa. Tumeambiwa hatuwezi kumlipa: hana TIN (namba ya mlipakodi), hayumo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Aliyeshinda kwenye mfumo katoka mjini, kaja kuchota mchanga ule ule, katuuzia kwa bei mara mbili! Bado zinatakiwa tripu sita. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa dawati la manunuzi la halmashauri miaka 22 kabla ya kustaafu, na kilio hiki nakijua tangu enzi za kotesheni za karatasi, zile barua za bei kutoka kwa wauzaji. Mwaka mmoja niliwekewa mezani kotesheni tatu za saruji, za maduka matatu, kila moja na mhuri wake. Zote zimeandikwa "saluji", na mkia wa j umepinda kushoto vilevile. Mwandishi mmoja! Mambo hayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imeukazia mfumo huo. Ila tripu sita za mchanga kupitishwa mlango mmoja na zabuni ya barabara ya lami, hapo hata mimi sijawahi kuelewa.

Mchanga uliobaki ufanyeni nguvu za wananchi. Kisichonunuliwa hakitafutiwi mzabuni. Mkutano wa kijiji upitishe, kaya zisombe, mhandisi akadirie thamani, nanyi mwandike kwenye muhtasari na kwenye leja ya vifaa. Andikeni idadi. Kamati nyingi huandika "tripu kadhaa", na mkaguzi hana hesabu ya kadhaa. Fedha ya mchanga iliyomo kwenye makadirio msiiguse mpaka mhandisi na mkurugenzi wakubali kwa maandishi iende wapi.

Mzee naye msimwache hivyo hivyo. TIN haiuzwi, TRA wanatoa bure. Awe tu na namba ya NIDA. Akiungana na wenzake wenye mikokoteni, afisa maendeleo ya jamii awasaidie kusajili kikundi. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wenye ulemavu, na wazee pia. Huyo wenu umri tayari anao.

Saruji nunueni kwenye mfumo, tena kwa mkupuo. Atatokea mjanja wa kuwashauri mgawanye mifuko 200 iwe oda nane za 25 ili mkwepe ushindani. Mkaguzi huanzia hapo hapo.

Mkutano uitishwe wiki hii. Masika yakishuka, bonde hilo hata ng'ombe hawaingii.