Vidole Vinavyokakamaa Asubuhi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38, mkulima wa karanga na alizeti wilayani Kongwa. Tangu msimu wa palizi, vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na kila asubuhi hukakamaa hata nashindwa kushika mwiko wa kusongea ugali mpaka jua lipande. Dukani nauziwa diklofenaki, na hali ikizidi napewa predinisoloni, ambayo hunituliza siku ileile. Majirani wanasema ni baridi tu. Je, niendelee hivi? – Msomaji, Kongwa.

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Uvimbe wa pande zote mbili, ulioanza kwenye viungo vidogo na unaoambatana na ukakamavu wa zaidi ya saa moja asubuhi, unanifanya nihofie baridi yabisi ya viungo, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo, na ambao huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu hauletwi na baridi.

Diklofenaki hupunguza maumivu, lakini haizuii mfupa kuliwa, na ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Predinisoloni ina nafasi yake, kwa dozi ndogo na muda mfupi, chini ya uangalizi. Ikizoeleka hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Kama umeimeza kwa wiki kadhaa mfululizo, usiikatishe ghafla, bali daktari aipunguze polepole.

Dawa inayotangulizwa kwa wagonjwa wengi ni methotreksati, ambayo huutuliza ugonjwa wenyewe, na nafuu yake huchukua wiki 6 hadi 12 kuonekana, kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa kwanza. Hapa naomba unisikilize kwa makini: sisi tumezoea kuandikiwa dawa za kutwa mara tatu, lakini hii humezwa mara moja tu kwa wiki, siku ileile, na aliyeimeza kila siku kwa kukosea anaweza kupoteza maisha. Huambatana na vidonge vya foliki asidi, na vipimo vya damu na ini hurudiwa mara kwa mara, pombe iepukwe. Haifai kabisa kwa mjamzito, hivyo kama bado unatarajia kuzaa, sema mapema, kwani sulfasalazini na haidroksiklorokwini zinaweza kutumika badala yake. Zipo pia sindano za kibiolojia, yaani dawa zinazozuia sehemu maalumu ya kinga ya mwili, ila ni ghali mno, na kabla ya kuzianza ni lazima kupimwa kifua kikuu.

Anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani Dodoma mjini, ama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Kipimo cha damu cha kutafuta ugonjwa huu kikirudi bila kuonyesha kitu, usikubali kuambiwa huumwi, maana wagonjwa wengine hawaonekani kwa kipimo hicho, na daktari hana budi kuichunguza mikono yenyewe. Nenda mwezi huu, kabla viungo havijapinda, na ubebe makasha ya dawa zote ulizokwisha kutumia.