Pea au jozi? Na meli je?

Msomaji anayeuza viatu vya mitumba sokoni Kibuye, Kisumu, ananiuliza: "Mwalimu, sisi hapa tunasema pea. Binti yangu ameandika 'pea mbili za viatu' kwenye insha, akakatwa alama, ati ni jozi. Nani mkweli? Halafu mzee wangu, aliyebeba mizigo bandarini, husema meli za Uhuru na Umoja zilikuwa pea. Hizo nazo ni jozi?"

Mama, binti yako hakuvunja Kiswahili. Pea tumeipata kwa Waingereza na jozi tuliipata kwa Waarabu. Zote wageni, ila mmoja alitangulia kukaribishwa sebuleni. Kwenye insha aandike jozi. Pale Kibuye endelea na pea, maana mteja ukimtajia bei ya "jozi" atadhani umepandisha. (Na hapo ndipo husikia "nipee pea moja", sentensi inayomtoa jasho mwalimu wa sarufi mara mbili: sanifu ni "nipe".) Hesabu yake ni jozi moja, jozi mbili, "jozi mbili za viatu" au "viatu jozi mbili", zote sawa. Majozi hakuna.

Ugumu uko kwenye swali la mzee. Mimi hupima hivi: kimoja kikipotea, kilichobaki kina kazi? Ukifungua beli ukakuta kiatu cha kulia bila cha kushoto, umepata hasara tu. Soksi ni vivyo hivyo, na hereni pia. Kule Bungoma anayelima kwa maksai atakwambia mmoja akiugua, nira ya wawili haimfai aliyebaki. Hiyo ndiyo jozi.

Suruali je? Wanafunzi huniandikia "jozi ya suruali" kwa sababu Kiingereza huihesabu kwa miguu yake. Sisi tunahesabu vazi: suruali moja, suruali mbili. Mkasi ni mmoja hata ukiwa na makali mawili, na miwani hatuihesabu kwa vioo. Ukisema "jozi ya suruali" mimi naelewa suruali mbili zilizoshonwa zivaliwe pamoja, na sijui nani huvaa hivyo.

Kipimo changu kina tundu moja, nalo ni khanga. Huuzwa mbili, na moja ikichanika nyingine bado inafungika kiunoni. Lakini khanga ina neno lake, doti, kwa hiyo hatuna haja ya kuisumbua jozi.

Sasa meli. Uhuru na Umoja ziliundwa Scotland miaka ya 1960 kwa mfano mmoja, zibebe mabehewa ya treni katika Ziwa Victoria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaenda Tanzania. Kila moja ilikuwa na kazi bila mwenzake. Uhuru hata ilikaa Kisumu miaka mingi bila kusafiri, ikarudi majini mwishoni mwa 2019 kupeleka mafuta Uganda. Kwa hiyo si jozi. Ni meli pacha, kwa kuwa kinachoziunganisha ni asili na sura. Wengine huandika "meli dada". Inaeleweka, ila nasikia Kiingereza kikikohoa nyuma yake.

Mjaluo haoni shida hapo. Kwa pacha, Opiyo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Odongo akamfuata. Hata mmoja ahamie Nakuru na mwingine abaki Ahero, kila mmoja akijitaja peke yake husema "mimi ni pacha". Kiatu hakiwezi kujitaja hivyo. Kilichobaki peke yake mezani pako hakiitwi jozi wala nusu jozi. Ni kiatu cha mguu mmoja, na kukiuza ni shughuli yako.