Mtukutu wa darasa la tatu: mpime kusoma kwanza

Mkuu, umesema kijana wako ana miaka 10, yuko darasa la tatu huko Urambo, anapiga wenzake, anatoroka vipindi, daftari tupu, na mwalimu ameshakuita mara tatu. Unauliza umhamishe shule au umpeleke bweni. Yote mawili yasubiri. Mtoto aliyekwama kusoma ukimhamisha, anahama na mkwamo wake.

Anza leo jioni. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, funika picha kwa kiganja, mwambie asome sentensi moja. Akiteleza nayo vizuri usifurahi bado. Mwambie aisome tena kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Aliyekariri ataduwaa hapohapo, maana wapo watoto walioshika kitabu kizima kwa kusikia darasa likiitikia kwa sauti moja. Baada ya hapo mpandishe ngazi: silabi 10 nyepesi (ba, me, ti), kisha 10 ngumu (mbwa, nywe, ng'o, ndwa), kisha maneno 10, kisha aya fupi. Anapokosa zaidi ya 3 kati ya 10, ndipo alipoishia, na ndipo utakapoanzia, hata kama ni kazi ya darasa la kwanza. Jambo moja: kama nyumbani mnaongea Kinyamwezi na yeye anasema "kuludi" badala ya "kurudi", usilihesabu kosa la kusoma. Ni ulimi wa nyumbani. Lisahihishe kwenye kuandika tu.

Darasa la kwanza na la pili mkazo wote ni KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). La tatu masomo yanaongezeka, mwalimu anajaza ubao akiamini kila mmoja anasoma. Aliyeachwa hapo ana mawili: aonekane mjinga au aonekane mkorofi. Ukorofi una heshima kidogo mbele ya wenzake, kwa hiyo anauchukua.

Wiki hiyohiyo kagua mwili. Macho: chora herufi E kwenye boksi, urefu milimita 17 hivi, kila mstari wake unene wa milimita 3 na nusu. Mtoto asimame mita 6, mchana, afunike jicho moja, wewe uigeuze E huku na huku naye aonyeshe kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Akipata chini ya 4 kati ya 5 kwa jicho lolote, apelekwe kupimwa. Masikio: simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, nong'ona "tano, mbili, saba", arudie. Sikio linalotoa usaha ni la hospitali. Kulimiminia mafuta ya kupikia kunaliharibu zaidi. Damu: vuta kope ya chini. Ndani pakiwa peupe, au kama anakula udongo, akapimwe damu, malaria na minyoo. Mtoto aliyepungukiwa damu huchoka na kukasirika upesi. Na ukiona anaganda ghafla sekunde kama 10, macho wazi, hasikii hata akiitwa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, na inajirudia mara nyingi kwa siku, huo si uzembe. Ipo aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Mpeleke Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tabora, wamwangalie.

Urambo mnalima tumbaku, kwa hiyo sharti niseme na hilo. Mtoto anayechuma majani mabichi, hasa yenye umande, nikotini inaingia kwa ngozi: kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi unaruka. Akikesha kuchochea moto wa bani (banda la kukaushia tumbaku), asubuhi humdai chochote darasani. Umri huo unataka usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 2 usiku. Na asitoke tumbo wazi. Matobolwa mawili (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na konzi ya karanga vinamfikisha mapumziko.

Sasa tabia. Usianze na adhabu, anza na daftari. Kwa wiki mbili andikeni, wewe na mwalimu: siku, saa, somo, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mstari mmoja tu unaweza kusomeka hivi: "Jumanne, saa 4:20, Kiswahili. Aliitwa asome ubaoni. Alimpiga jirani yake. Alitolewa nje akafyeke." Tazama mwisho wake. Alikwepa kusoma, akapewa panga na upepo. Kwake kufyeka ni zawadi, na kesho atapiga tena. Dawa ni arudi kwenye kazi ileile aliyoikimbia, ila ikatwe: sentensi 2 badala ya 10, amalize, kisha atoke.

Nenda kwa mwalimu saa za mchana vipindi vikiisha, sio mstarini asubuhi mbele ya watoto. Omba mambo matatu tu: akae mbele mbali na dirisha; asiitwe kusoma kwa sauti bila kupewa aya hiyo jana yake; apewe kazi ya kugawa madaftari, mikono yake iwe na shughuli. Fimbo ikitajwa, kanuni za mwaka 2002 zinampa ruhusa ya kuchapa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tu, visizidi viboko 4, na viandikwe kitabuni.

Nyumbani ni dakika 20 kila siku. Saa mbili za Jumapili hazifidii. Dakika 5 kadi za silabi (kata maboksi), 10 kusoma, 5 kuandika imla ya maneno matano. Soma wewe kwanza, mfuatane, kisha asome peke yake. Akikwama hesabu kimya hadi 5, mpe neno, msonge mbele. Dada zake wasiwepo kumcheka. Tuisheni ya kazi za darasa la tatu kwa mtoto asiyejua "mbwa" ni kutupa hela.

Wiki mbili za kwanza ukorofi huweza kupanda, anajaribu kama mlango wa zamani bado uko wazi. Hapo wazazi wengi hurudia mkanda. Shikilieni.

Ikifika wiki ya 8, macho na masikio ni mazima, amehudhuria kila siku, na bado silabi hazishiki, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri akafanyiwe upimaji. Beba lile daftari na karatasi za silabi zenye tarehe, bila hivyo utaulizwa tu "anasumbuaje?" na kurudishwa nyumbani.